Rapa wa Mwanza anachelewa, na mi naona achelewe tu

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Kitangiri, hapa Mwanza, kanitumia ngoma tatu WhatsApp saa tano usiku, chini kaandika "bro sikiliza nipe maoni ya ukweli usinionee aibu". Ya kwanza nikaisikiliza nimelala, ya pili nikakaa kitandani, ya tatu nikaizima katikati. Haikuwa mbaya, shida ni kwamba ilikuwa ileile ya kwanza imevalishwa biti nyingine. Nikamuuliza mwaka huu umeachia ngoma ngapi? Akajibu kumi na tisa, na kiemoji cha moto juu yake, yaani kwake hiyo kumi na tisa ni sifa.

Huyu dogo namjua tangu yuko shule ya msingi. Asubuhi anabeba magunia ya dagaa Mwaloni pale Kirumba, jioni anarekodi kwa mshkaji wake mwenye kompyuta moja na maiki moja, chumba ukutani wamegongelea godoro sauti isirudi rudi. Hana lebo, hana meneja, bando ananunua mwenyewe, kava anadizaini mwenyewe kwenye simu, kupandisha ngoma mtandaoni anapandisha mwenyewe. Siku hizi mtu wa hivyo anaitwa msanii huru, na neno lenyewe linatamkwa kwa heshima kama vile mtu kahitimu kitu.

Sasa mi nina tatizo kidogo na hilo neno, na najua madogo wengi hawatapenda nnachotaka kusema. Ukiangalia wachanaji wa huku ziwani waliofika mbali, kilichowatengeneza zaidi ni kule kuchelewa, ile miaka ambayo hakuna mtu alikuwa ana habari nao. Miaka ya daftari kubwa lenye jalada gumu, ya kuchana kwa kinyozi watu wakisubiri zamu, ya kuchekwa lafudhi, ya kukataliwa getini kwenye shoo. Simu imeifuta hiyo miaka, mtu anaandika leo anarekodi leo anaachia leo, kwa hiyo anakuwa huru kabla hajawa msanii, na hakuna wa kumwambia kwa sababu kila mtu kwenye komenti anaandika moto moto moto.

Kwa ambao hawaijui Mwanza ya zamani ngoja niwaeleze tulikuwa mbali kiasi gani. Kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, na miaka ya 90 mpaka mwanzoni mwa 2000 barabara ya kati ilikuwa mbovu kiasi kwamba mabasi mengi yalikuwa yanapitia Nairobi. Ndio, Nairobi ya Kenya. Unatoka hapa, unapita Musoma, unavuka Sirari, unaikata Kenya, unatokea Namanga, Arusha, alafu ndo unaanza kuitafuta Dar. Mtu ana hati ya kusafiria mfukoni kwa ajili ya kwenda kumsalimia shangazi yake Temeke, ndani ya nchi yake mwenyewe! Wazee wakisimulia wanacheka, ila kipindi kile haikuwa ya kuchekesha, unafika miguu imevimba.

Lakini hiyo njia ya kuzunguka ilileta na vitu. Kaka yangu mkubwa alikuwa na sanduku la kanda chini ya kitanda, na humo ndani kundi la Kwanza Unit wa Dar walikuwa wanalala pamoja na Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, na kanda za Wakongo za mzee, na za kizungu ambazo hatukuelewa hata neno moja. Dogo wa Mwanza alikuwa anasikia Kiswahili kikichanwa kwa namna mbili, cha kule kwa wenzetu Nairobi chenye ugumu wake na cha Dar chenye madoido yake, na yeye hawezi kuongea kama hawa wala kama wale. Lazima atafute chake. Mtoto wa Kinondoni hakuwa na hilo tatizo, na mi nadhani kulikosa hilo tatizo ni hasara fulani.

Na msije mkadhani Mwanza ilikuwa bubu. Radio Free Africa ilikuwa inarusha kutoka hapahapa na kusikika mikoa mingi, Star TV nayo hapahapa. Ajabu sasa, tulikuwa na redio inayosikika mbali ila hatukuwa na mlango wa biashara. Wasambazaji wa kanda walikuwa Kariakoo, prodyuza P Funk Majani na studio yake ya Bongo Records yuko Dar, shoo za hela ziko Dar. Kwa hiyo mchanaji wa huku alikuwa anajua fika kwamba siku akienda Dar anaenda mara moja, nauli imechangwa na mama na mjomba, akiharibu anarudi kubeba minofu. Mtu wa hivyo haendi na vesi mbili. Anaenda na daftari zima, na kila mstari umeshapimwa kitaa, watu wakacheka nao au wakaucheka.

Fid Q ndo mfano ambao kila mtu anautaja, na mimi nitautaja maana siwezi kuukwepa. Fareed Kubanda, kazaliwa Mwanza, Agosti 13, 1980. Watu wanapenda kumsifia kwa "madini", yaani mistari mizito, hilo neno limechoka sasa, kila anayechana polepole anaambiwa ana madini. Mi napenda kuangalia vitu viwili ambavyo havizungumzwi sana.

Cha kwanza ni lile jina Ngosha. Kwa Kisukuma ngosha ni mwanaume, ndo hivyo tu. Ila nje ya Usukuma likageuka jina la kumwitia Msukuma yeyote, na mara nyingi ndani yake kuna kejeli: ngosha mshamba, ngosha mwenye nguvu asiye na maneno, ngosha anayeshangaa maghorofa. Waliosoma bweni mikoa mingine wanajua nachoongelea, ukifungua mdomo tu darasani wenzio wanairudia sentensi yako kwa sauti ya kuburuza. Sasa mtu anaingia kwenye mziki ambao silaha yake pekee ni mdomo, alafu anachukua lile neno walilokuwa wanawachekea nalo watu wa kwao anajiita nalo mwenyewe mbele ya maiki. Hilo haliamuliwi siku moja na prodyuza hawezi kukushauri. Lazima uwe umelibeba muda mrefu mpaka limeacha kuuma.

Cha pili ni jina la albamu yake ya kwanza, Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Ukilisikia haraka unaona ni majigambo ya kirapa. Ila kumbuka shairi la kidarasani ulilofundishwa: mshororo una vipande viwili, mizani nane huku na nane kule, kina kimoja katikati na kingine mwishoni. Kati na mwisho, basi. Yeye kaongeza mwanzo! Ni dai la kiufundi hilo, anawaambia malenga kwamba kile mlichokifanya kwa sehemu mbili mimi nakifanya kwa tatu, na biti ikiwa inapiga. Unaweza kubisha kama alitimiza au hakutimiza, mi mwenyewe kuna sehemu naona vina vinaivuta maana mpaka inapinda, ila lile dai halitoki kwa mtu aliyeanza kuandika jana. Linatoka kwa mtu aliyekaa na kanuni mpaka zikamchosha.

Hapa nina kitu ambacho nimekiwaza siku nyingi. Huku kwetu neno huru limeshawahi kuleta ugomvi mkubwa kabla hiphop haijafika. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, kisiwa ambacho ukiwa na hela ya meli unakifikia kutoka hapa mjini bila shida, alitoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 na mashairi yake hayakuwa na vina wala mizani. Wakayaita mashairi huru. Malenga wakakasirika, wengine wakasema hayo sio mashairi kabisa, mabishano yakaenda miaka. Miaka mingi baadae kutoka mwambao huohuo wa ziwa anakuja kijana wa mtaani anavirudisha vina kwa fujo, vitatu kwa mshororo, kwenye mziki wa vijana ambao walimu walikuwa wanauita uhuni. Mmoja anavitupa, mwingine anaviokota, na wote wawili walikuwa wanajua vizuri kabisa wanashika nini mkononi. Hao ndo wasanii huru nnaowaelewa mimi. Dogo wangu wa Kitangiri nikimuuliza kwanini mstari wake hapa umeacha kina ananiambia "bro hiyo ni flo tu".

Ila nisije nikaonekana nashabikia kila kuchelewa, maana Ukerewe hiyohiyo kuna mzee Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikatoka kitabu, kwa Kiswahili alichotafsiri mwenyewe, 1980. Miaka thelathini na tano! Na 1981 akafariki. Huko sio kuchelewa kwa kujifua, huko ni kucheleweshwa, kazi ilikuwa imeshaiva, waliokuwa na mitambo ya kuchapa ndo hawakuwa na haraka. Wachanaji wa huku wana kuchelewa kwa aina zote mbili na mara nyingi wenyewe wanazichanganya. Wangapi walikuwa wameiva kabisa wakakosa nauli, wakakosa mtu wa kuwafungulia mlango, leo wana miaka arobaini na kitu wanaendesha bajaji ya Buhongwa na ukipanda mbele wakasikia unaongelea mziki wanakuchania vesi nzima ya 2003 mpaka unapitilizwa kituo. Mmoja alinipitisha Mkolani yote. Vesi ilikuwa kali, sikulalamika.

Wengine walipita njia fupi, siwalaumu. Kala Jeremiah alionekana kwanza kwenye Bongo Star Search, ambayo ni mashindano ya kuimba, alafu ndo akaja kuwa yule mchanaji aliyebeba tuzo za hiphop za Kili, zile tuzo za mziki, 2013. Young Killer Msodoki alitoka bado dogo kabisa kwa njia ya Supa Nyota, mashindano ya vipaji ya tamasha la Fiesta. Mashindano yalikuwa ndo lifti ya mtu wa mkoani, jaji mmoja kutoka Dar akikuona umepanda. Ila lifti inakupandisha na ulichonacho siku hiyo, hicho kingine itabidi ukitafute ukiwa juu tayari, watu wote wanakuangalia.

Na mashindano huku kwetu sio kitu cha kuletwa na redio. Usukuma ina Bagika na Bagalu, nadhani ndo bato kongwe kuliko zote nchi hii. Karne ya 19 walikuwepo waganga wawili wacheza ngoma, Ngika na Gumha, wakashindana nani zaidi, wafuasi wao wakawa pande mbili mpaka leo. Wakati wa kiangazi watu wameshavuna, vikundi viwili vinapiga uwanja mmoja, muda mmoja, kila kimoja upande wake, na hakuna jaji. Anayeshinda ni mwenye watu wengi upande wake. Watu wanahama kwa miguu yao wenyewe, wewe unaimba huku unaona mgongo wa shabiki wako anakwenda kwa mwenzio, na lazima utunge kitu hapohapo cha kumrudisha. Ukienda makumbusho ya Bujora pale Kisesa mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, utaona mwenyewe, mtu anacheza na chatu shingoni na bado anaangalia kwa jicho la pembeni watu wake wako wangapi.

Sasa niambie hiyo na views ipi ngumu. Mtu akisema siku hizi wasanii wananunua views mi huwa nacheka, kwa sababu hata hao mababu walikuwa na dawa ya mvuto, kila kikundi na mganga wake wa kuvuta umati, kwa hiyo tabia ni ileile tu tumebadilisha duka. Tofauti ni moja. Mgika akinywa dawa yake bado lazima aimbe mpaka jua lizame mbele ya mtu mwenye miguu ya kuondoka. Dogo akinunua views elfu kumi hakuna aliyeondoka na hakuna aliyekuja, hajui mstari gani ulimfukuza mtu. Ngoma kumi na tisa kwa mwaka na hajawahi kuuona mgongo wa shabiki.

Tuje kwenye hela maana najua ndo mnaisubiri. Hoja kubwa ya madogo ni kwamba lazima uachie nyingi ili mfumo ukuone. Haya tuhesabu. YouTube ili uanze kulipwa matangazo unatakiwa uwe na watu 1,000 waliosabskraibu na masaa 4,000 ya kutazamwa, kwa video ndefu, ndani ya miezi kumi na mbili, na hata ukifika, hela haitumwi mpaka ijae dola 100. Spotify ilifungua Tanzania 2021, na tangu 2024 ngoma ambayo haijasikilizwa mara 1,000 ndani ya mwaka haihesabiwi kabisa kwenye malipo. Yaani hii sheria ya pili ndo watu hawajaielewa. Ukiwa na ngoma kumi na tisa, kila moja imesikilizwa mara mia nne, jumla una zaidi ya elfu saba na kwenye malipo unapata sifuri. Ukiwa na mbili tu zimegawana hizohizo, zote zinalipwa. Hela yenyewe bado ni ya chai na mandazi, sikudanganyi, ila ni hesabu inayokwambia chache nzito inaishinda nyingi nyepesi. Nilimwandikia dogo hiyo hesabu kwenye karatasi ya mfuko wa sukari. Akaipiga picha akaiweka status.

Wanapenda kunitajia Nipsey Hussle, yule rapa wa Marekani, bodaboda nusu wana stika yake. Sawa, tumtaje. Mwaka 2013 Nipsey aliweka sokoni kopi 1,000 za mikstepu yake ya Crenshaw, kila moja dola 100, wakati mtandaoni ilikuwa ya bure, na watu wakanunua, Jay-Z peke yake kachukua kopi mia. Kila mtu anaikumbuka hiyo dola mia. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya hapo alikuwa ameshakaa miaka kwenye kona ileile ya mtaa uleule wa Los Angeles akigawa mikstepu, watu wa pale walikuwa wanamjua kwa sura. Alikuwa anawauzia watu ambao tayari wako upande wake wa uwanja. Bagika kabisa.

Na sisi kona tunayo, tunaidharau tu. Kuna vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi, viko Mlango Mmoja, viko Makoroboi, viko Mwaloni kwenyewe. Mvuvi anayerudi kambini visiwani, Kome, Maisome, Ukara, kule bando linasumbua, kwa hiyo anakuja na flashi anasema nijazie za buku. Anayejaza ndo anaamua mvuvi atasikiliza nini wiki tatu. Wanaomjua huyo jamaa ni waimbaji wa Kisukuma, kina Bhudagala na wenzake, hao wana watu kuliko mchanaji yeyote wa mjini hapa na redio ya Dar haiwapigi. Wanaimba harusi kwa harusi, mnada kwa mnada, jina la mwenye ng'ombe linatajwa kwenye wimbo na mwenye ng'ombe analipa. Huo ni uhuru ambao haujaandikwa kwenye bayo ya Instagram. Mchanaji wa mjini anaona ni ushamba. Alafu anaenda kuomba kolabo Dar, anakaa sebuleni kwa mtu siku nne.

Fid Q mwenyewe ukimfuatilia vizuri amekuwa hivyohivyo, ana kampuni yake mwenyewe ya Cheusi Dawa, hajakaa chini ya lebo kubwa, na 2017 alipofanya remiksi ya Fresh na Diamond Platnumz na Rayvanny alienda kama mgeni anayerudi kwake jioni. Albamu yake ya pili, Propaganda, ilitoka 2009 na baada ya hapo tukasubiri albamu ya tatu mpaka wengine tukapata watoto. Mashabiki walimtukana kwa hilo. Mi nilimtukana pia, nakiri. Kuna muda kuchelewa kunageuka mazoea na hata hoja yangu mimi haiwezi kumtetea mtu hapo.

Halafu kuna dada mmoja wa Nyakato, anachana vizuri kuliko nusu ya hawa wanaume nnaowajua, nilimwelezea hii nadharia yangu yote tukiwa tunasubiri daladala Buzuruga nikijiona nimesema kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema, "Kaka, we unaongelea kuchelewa kwa sababu hakuna anayekuuliza utaolewa lini." Akaendelea, mvulana akikaa na daftari miaka nane anaitwa msanii anayejitafuta, yeye akikaa na daftari miaka mitatu mama yake anaitiwa kikao. Kwake simu ndo imemwokoa, anarekodi usiku chumbani watoto wa dada yake wamelala, hapiti kwa prodyuza anayetaka kumwona peke yake kwanza, haendi kwa kinyozi kuchana mbele ya wanaume kumi na wanne wanaoangalia kingine. Nilitafuta jibu mpaka daladala yangu ikapita. Bado sina, ila nimegundua kitu kimoja kwenye kazi zake: ameachia ngoma nne tu. Nilipomuuliza mbona chache akasema huwa anazirudia sana kwa sababu lazima arekodi kwa sauti ya chini, kwa hiyo kila neno inabidi likae sawa lenyewe, hawezi kulisaidia kwa kupiga kelele. Hapo nikanyamaza, maana amepata ile miaka ya daftari kwa njia ambayo sikuijua.

Narudi kwa dogo. Amekulia Igogo karibu na viwanda vya samaki, mama yake alikuwa anakaanga mapanki, na kabla hajawa na simu ya maana aliandika vesi moja ambayo mpaka leo naijua kwa kichwa. Sangara mmoja anaingia kiwandani na kutoka watoto watatu. Wa kwanza ni minofu, anapanda ndege kwenda Ulaya hata kwaheri hasemi. Wa pili ni bondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwa samaki, zamani alikuwa anatupwa, siku hizi anaenda China kwa bei kuliko baba yake. Wa tatu ni panki, kichwa na mifupa, huyo ndo anarudi nyumbani kwa mama, na dogo anamalizia kwamba yeye ni wa tatu. Ilimchukua miezi minne, nakumbuka kwa sababu alikuwa ananisomea kila alipobadilisha neno. Alikuwa anaandika zile siku za mbalamwezi, maana dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika na kazi ya kubeba Mwaloni inapungua, anakaa na daftari juu ya magunia matupu.

Hiyo vesi haimo kwenye zile kumi na tisa. Nilimuuliza kwanini, akaniambia haina korasi na watu wa siku hizi hawana uvumilivu.

Kwa hiyo usiku ule baada ya kuizima ya tatu nilimjibu kwa kirefu, nikamwambia aache kutuma ngoma, aje Jumamosi kwa yule kinyozi wa Kirumba karibu na uwanja, bila biti, achane ile ya panki mbele ya watu wanaosubiri zamu, tuone nani atainua macho kwenye simu. Alikaa onlaini muda mrefu, naona anaandika, anaacha, anaandika. Mwishoni ikaja: "bro wiki hii giza, mzigo ni mwingi sana mwaloni. tusubiri mbalamwezi"